Maswali Yenu: Kuchangisha Fedha kwa Zawadi za Vitabu

Barua za safari hii zinatoka kwa walimu, vilabu vya wasomaji na Waswahili wa ughaibuni wanaotaka kuchangisha fedha kupitia vitabu. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha. Karibu zote zinauliza kuhusu zawadi, kana kwamba zawadi ndiyo inayoleta fedha. Mtaona kwenye majibu kwamba hapo hatukubaliani sana.

Tiketi za bahati nasibu

*Shikamooni wahariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Tunatafuta fedha za rafu na vitabu vya ziada vya maktaba. Tumepanga kuuza tiketi 1,000 kwa shilingi 1,000 kila moja, kisha tuchezeshe droo, mshindi apate riwaya kumi. Kuna ubaya?*

Marahaba, mwalimu. Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hamjaenda kwa mchapaji.

La kwanza ni sheria. Mtu akilipa, bahati ikaamua, na mshindi akaondoka na kitu chenye thamani, hiyo ni bahati nasibu, hata kama fedha zinakwenda kwenye maktaba. Tanzania michezo ya namna hiyo iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ndiyo sababu hata kampuni za simu zikichezesha droo zao mnamwona mwakilishi wa Bodi amesimama pembeni. Msidhani nia njema inawatoa kwenye hesabu hiyo. Kama mnang'ang'ania droo, waandikieni Bodi kwanza, mpate jibu la maandishi, na wanafunzi wasiuze wala kununua tiketi.

La pili ni wazazi wenu. Hapo Tanga wengi wao ni Waislamu, na kulipa ili ubahatishe ni kamari kwao, faida iende kwa nani iende. Hawatakuja ofisini kulalamika. Watakaa kimya tu wasinunue, na ninyi mtabaki mnashangaa kwa nini tiketi 600 zimerudi.

Dawa yake ni kuondoa kimoja kati ya vile vitatu: malipo, bahati au zawadi. Ukiondoa malipo, unabaki na droo ya bure kwa kila aliyehudhuria, ambayo haiingizi kitu lakini inafanya watu wasiondoke mapema. Ukiondoa bahati, unapata shindano la maarifa au mnada. Kwa riwaya kumi mlizonazo, sisi tungefanya mnada.

Mnada wa vitabu unafanywa hivi. Msiuze zote kumi kwa mkupuo mmoja, maana mtu mmoja tu ndiye atakayezimudu. Zigaweni mafungu: moja moja zile nzuri, mbili mbili zilizobaki. Kila fungu liwe na bei ya kuanzia, karibu nusu ya bei ya dukani, na kiwango cha kupandisha kinachojulikana: shilingi 1,000 mpaka dau lifike 20,000, kisha 2,000. Msipoweka kiwango, mtu atapandisha kwa mia mbili na mnada utakesha. Fungu zuri kuliko yote lisiwe la kwanza, kwa sababu wengine bado wako njiani, wala lisiwe la mwisho, kwa sababu wenye fedha wameshaondoka. Mkiwa na mafungu manane, liwe la tano au la sita. Mnadi awe mtu mwenye sauti na utani kidogo, anayewajua watu kwa majina. Mkuu wa shule mara nyingi hafai kazi hii, kwa kuwa wazazi wanamwogopa.

Mkiweza kumpata mwandishi wa kitabu chochote kati ya hivyo, asisaini mapema akamaliza. Aweke saini na tarehe, nafasi ya jina aiache wazi, aje kuijaza mbele ya watu baada ya nyundo kugonga. Nakala ya kawaida ya shilingi 15,000 inaweza kupanda mara tatu kwa sababu ya mstari huo mmoja wa wino.

Na kitabu kisitoke mezani kabla fedha haijaingia. Ahadi za "nitatuma jioni" huwa hazitumwi.

Chemsha bongo ya vitabu

*Hamjambo? Sisi ni klabu ya wasomaji Mombasa, tuko kama thelathini. Tunataka kuandaa jioni ya chemsha bongo kuhusu vitabu ili tulipie karo ya wanafunzi wawili. Tulijaribu kitu kama hicho ikaishia kwa ubishi, watu wakasusa. Tupangeje?*

Hatujambo. Ubishi kwenye chemsha bongo hausababishwi na watu wabishi. Huwa unatokana na maswali yenye majibu mawili, kwa hiyo tuanze na maswali.

Mfano unaotumika sana: "Ni nani Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi?" Mwulizaji ameandika Wole Soyinka, 1986, ametulia. Meza ya nne wameandika Albert Camus, aliyezaliwa Algeria na kuipata mwaka 1957. Meza ya saba kuna mwalimu mstaafu anayejua kwamba Claude Simon, mshindi wa 1985, alizaliwa Madagaska. Hapo hata ukiwa na kipaza sauti umeshindwa. Swali lingesema "Mwafrika mweusi wa kwanza" lisingezua neno. Vivyo hivyo "utenzi una mizani mingapi?" Wengi watajibu nane, lakini zipo tenzi zinazotoka nje ya hesabu hiyo, na Mombasa hamtakosa mtu anayezijua kwa moyo. Andikeni "utenzi wa kawaida". Na maswali ya "cha kwanza", "kikubwa kuliko vyote", "maarufu zaidi" yafuteni yote, isipokuwa lile mnaloweza kulithibitisha kwa maandishi mkiwa mmesimama pale pale ukumbini.

Maswali yatungwe na watu wawili na yajibiwe na wa tatu ambaye hakuyaona. Akikwama kwa sababu hajui, sawa. Akikwama kwa sababu hajaelewa mnachouliza, swali litoke.

Sasa mpangilio. Watu sita kwa meza ndio idadi nzuri. Wakizidi nane, wawili watakuwa wanapiga soga zao. Mizunguko mitano ya maswali kumi inatosha. Swali lisomwe mara mbili, watu wapewe sekunde 45, na mwisho wa mzunguko yasomwe yote kumi kwa haraka kabla ya kukusanya karatasi. Hiyo ni kama dakika kumi na mbili, usahihishaji dakika tano. Kwa mizunguko mitano na mapumziko ya chai ya dakika ishirini mnakaribia muda wa saa mbili. Zaidi ya hapo watu wanaanza kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Katika kila maswali kumi, matatu yawe ya kila mtu, manne ya msomaji wa kawaida, mawili magumu, na moja la kuwatenganisha mabingwa. Mzunguko ambao meza bora imepata nne kati ya kumi unaua jioni nzima, na mtungaji ndiye pekee anayebaki akitabasamu. Changanyeni pia aina: mzunguko mmoja wa majalada yaliyofichwa jina, mmoja wa vitabu vya watoto, mmoja wa methali na ushairi. Meza yenye bibi na mjukuu wake ipate pa kung'ara.

Usahihishaji wa kubadilishana karatasi na meza jirani ni wa haraka, na watu wanaupenda. Mwamuzi azipitie upya karatasi za meza tatu za juu tu, mwisho. Mwekeni mwamuzi mmoja, atangazwe mapema kwamba neno lake ndilo la mwisho, na asiwe ndugu wa yeyote aliyekaa mezani. Simu ziwekwe kwenye kikapu katikati ya meza wakati wa maswali, zichukuliwe kati ya mzunguko na mzunguko. Msizikataze jioni nzima, kwa sababu hizo ndizo mtakazolipiwa.

Meza mbili zikilingana msiongeze maswali ya kawaida, mnaweza kukesha. Tumieni swali la namba, aliye karibu zaidi anashinda: "Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka gani?" Jibu ni 1931. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa: 1967. Kila meza iandike kwa siri na kuonyesha kwa pamoja.

Haya, fedha. Tuchukulie meza 12 za watu sita, kila mtu KSh 500: mnapata 36,000. Chai na kitafunio tuseme 120 kwa kila mmoja, ni 8,640. Kukodi spika na kipaza sauti 5,000, kuchapa karatasi 1,500. Kinabaki 20,860, na hapo ukumbi mmepewa bure. Karo ya watoto wawili haitoki humo.

Kinachobadilisha hesabu ni kuuza mizunguko. Kila mzunguko uwe na mdhamini: duka la vitabu, famasia, chama cha akiba, kwa KSh 5,000. Jina lake linaandikwa juu ya karatasi ya majibu na linatajwa mara mbili. Mitano hiyo ni 25,000, zaidi ya masalio yote ya kiingilio, na haina gharama. Mdhamini hutafutwa wiki sita kabla, si wiki ya mwisho. Pia mnaweza kuuza dokezo, herufi ya kwanza ya jibu kwa shilingi 100, lakini kila meza isizidi mawili jioni nzima. Mkiruhusu zaidi, meza ya matajiri inanunua ushindi na mwakani hamtawaona wengine.

Zawadi ya mshindi: vitabu sita, kila mtu kimoja. Tumeona orodha za zawadi zenye seti moja nzuri kwa timu ya watu sita, na hakuna aliyefikiria nani ataibeba nyumbani. Meza ya mwisho nayo ipewe kitu cha kuchekesha, kamusi kwa mfano.

Kuwaomba wachapishaji

*Tunaandika barua kwa wachapishaji kuomba vitabu vya zawadi na hatujibiwi. Tunakosea wapi? (Klabu ya chuo, Morogoro)*

Barua yenu mliyoambatanisha inaomba "msaada wowote, fedha au vitabu, kadiri Mungu atakavyowajalia". Mtu wa mauzo anayepokea barua kama hiyo hana cha kufanya nayo. Ombeni kitu kimoja chenye idadi: nakala nane, za wasomaji wa miaka 12 hadi 16, kwa Kiswahili, zifike kabla ya tarehe fulani. Semeni wazi kwamba nakala zenye jalada lililokwaruzika au za toleo lililopita zinafaa. Stoo za wachapishaji zina nakala za namna hiyo ambazo haziwezi kurudi dukani, na kuzitoa hakuwaumizi. Elezeni watu wangapi wanatarajiwa na jina lao litaonekana wapi. Ukurasa mmoja, mhuri wa chuo, namba ya simu ya mtu anayepokea simu. Kisha mtu aende mwenyewe na nakala ya barua mkononi. Wiki nane kabla ndiyo wakati wake.

Lakini ombi lenye faida kubwa kuliko la zawadi ni la mali kauli. Mwombeni mchapishaji au muuza vitabu awape nakala 80 za kuuza siku hiyo, mlipe zilizouzwa na kurudisha zilizobaki. Punguzo mnapatana, tuseme asilimia 25. Mkiuza nakala 60 kwa wastani wa shilingi 12,000, mauzo ni 720,000 na lenu ni 180,000, bila kumwomba mtu sadaka. Mtu aliyetoka kushindwa swali kuhusu kitabu fulani hukinunua kitabu hicho dakika kumi baadaye, kwa hiyo angalau nusu ya vitabu vya mezani viwe vile vilivyotajwa kwenye maswali.

Masharti ya mali kauli yaandikwe. Nakala zihesabiwe na pande zote mbili zinapotoka na zinaporudi, orodha isainiwe, na iandikwe nani analipia nakala iliyochafuka au kupotea. Itapotea walau moja, mara nyingi ya watoto yenye picha. Mezani wakae watu wawili, mmoja akipokea fedha na mwingine akitia alama kwenye orodha. Akiwa mmoja, wakati wa mapumziko atazidiwa, na jioni hesabu haitafungana.

Siku zinazosaidia ombi lenu kukubalika: 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani. Wachapishaji huwa wanatafuta mahali pa kuonekana karibu na tarehe hizo.

Watoto wasome, wakubwa wachangie

*Mimi ni mlezi wa maktaba ya shule ya msingi, Mwanza. Nimesikia kuna utaratibu ambao watoto wanasoma vitabu na watu wanaahidi kiasi kwa kila kitabu. Unaendeshwaje, na zawadi apewe nani?*

Utaratibu huu ni mzuri kuliko yote tuliyoyataja, kwa sababu hata fedha zikiwa kidogo watoto wamesoma. Na ndio unaoharibika kirahisi kuliko yote.

Kwanza ruhusa. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mchango shuleni unaonuka ulazima unaweza kumtia mwalimu mkuu matatani. Pitisheni jambo hili kwenye kamati ya shule na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri kwa maandishi, na kadi iandikwe waziwazi kwamba ni hiari. Mtoto asiyeleta kadi asome kama wenzake na apate zawadi kama wenzake.

Msihesabu vitabu. Mkihesabu vitabu, wajanja watachukua vile vya kurasa kumi na sita zenye picha, na aliyekazana na riwaya moja wiki mbili ataonekana mvivu. Msihesabu kurasa pia, maana maandishi hayalingani. Hesabuni vipindi vya dakika ishirini. Msomaji hodari na anayesoma kwa kidole wote wana dakika ishirini sawa. Wiki nne zinatosha, lengo liwe vipindi 20, yaani kimoja kwa kila siku ya shule. Kipindi kifanyike maktaba au darasani, mwalimu agonge mhuri. Mkiwaachia wasome nyumbani na mzazi kusaini, mtakuta kadi yenye saini ishirini za kalamu moja zilizoandikwa Jumapili usiku.

Kadi iwe na namba na nafasi za wachangiaji kumi: jina, ahadi kwa kipindi, kikomo, na alichokwisha kulipa. Kikomo ni muhimu. Mjomba aliyeahidi 500 kwa kipindi hajapiga hesabu kwamba ni 10,000 mtoto akimaliza, na atakapoambiwa atakwepa simu. Anayetaka kulipa mapema kwa kikomo chake alipe, na mumhimize afanye hivyo, kwa sababu ahadi zinazosubiri mwisho hupukutika. Wachangiaji wawe ndugu na majirani wanaomjua mtoto. Mtoto asipelekwe na kadi stendi wala sokoni.

Zawadi sasa. Kosa la kawaida ni kumzawadia aliyeleta fedha nyingi. Huyo kwa kawaida ni mtoto ambaye baba yake ana duka, na darasa zima linajua. Tenganisheni: fedha zisizawadiwe kabisa, kusoma kuzawadiwe. Kila atakayefikisha vipindi 20 apate kitabu chake mwenyewe cha kubaki nacho, jina lake likiandikwa ndani kwa mwandiko mzuri. Kwa watoto 80 na vitabu vya 3,000, mnatenga 240,000. Kama kila kadi itarudi na wastani wa 10,000, mna 800,000, na maktaba inabaki na 560,000. Wastani ukishuka mpaka 4,000 bado mnabaki na 80,000. Ukishuka chini ya 3,000 mtaanza kutoa mfukoni, kwa hiyo tafuteni mdhamini wa hivyo vitabu 80 kabla hamjagawa kadi.

Makasha ya vitabu vya zamani

*Habari za kazi. Kanisa letu Arusha limepokea makasha ya vitabu vilivyotumika kutoka kwa waumini na wageni, labda 600. Tunataka kuviuza kusaidia kituo cha watoto. Tuanzie wapi?*

Nzuri. Anzieni nje, uani, penye jua na hewa, kwa sababu baadhi vina ukungu na mkivipanga ndani na vingine vyote vitaambukizwa. Chenye ukungu mkavu kwenye jalada kinafutwa kwa kitambaa kikavu hapo hapo nje. Kilicholowa na kunata, au chenye njia za mchwa, kitupwe. Kisha ondoeni vilivyopungua kurasa, vitabu vya kiada vya mitaala iliyopita, miongozo ya programu za kompyuta za miaka ya nyuma, na kitabu chochote chenye mhuri wa maktaba ambacho hamjui kilitokaje huko. Msione uchungu. Meza yenye vitabu 300 safi inauza kuliko yenye 600 ambayo mnunuzi lazima achakure.

Msiandike bei kitabu kimoja kimoja. Nunueni stika za rangi tatu: ya njano 1,000, ya kijani 2,000, ya bluu 5,000, na bango kubwa la kueleza. Vile kumi au kumi na tano vyenye thamani ya pekee viwekeni pembeni kwa mnada. Saa ya mwisho tangazeni mfuko: jaza uwezavyo kwa 5,000. Kabla ya siku hiyo muwe mmeshapatana na mtu atakayechukua masalio, la sivyo yatalala kwenye chumba cha kwaya mpaka Pasaka.

Kuna na mchezo unaopendwa, kitabu kilichofungwa. Kinafungwa kwa karatasi ya kaki na kuuzwa bila jina kuonekana, bei moja. Unafaa kwa riwaya ambazo majalada yake yamechakaa. Wapo watakaokataa kununua kisichoonekana, na wana hoja yao ya dini, kwa hiyo juu ya karatasi andikeni aina ya hadithi, lugha, idadi ya kurasa na umri unaofaa, na ruhusuni kubadilisha siku hiyo hiyo. Anayefunga afungue kurasa kwanza. Ndani ya vitabu vya watu mna picha za harusi, barua, na risiti za hospitali.

Ughaibuni: droo ya jumuiya London

*Tuko jumuiya ya Waswahili London, tunachangia maktaba ya kijiji Pemba. Huku droo za hisani ni kitu cha kawaida. Tunahitaji kibali?*

Inategemea mnauza tiketi wapi. Chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya Uingereza ya mwaka 2005, droo inayofanyika ndani ya shughuli yenu, tiketi zikiuzwa ukumbini wakati wa shughuli tu, haihitaji leseni wala usajili. Masharti yake: kutoka kwenye mapato ya tiketi msikate zaidi ya pauni 100 za gharama na pauni 500 za kununulia zawadi. Zawadi zilizotolewa bure hazimo kwenye kikomo hicho, na zawadi haiwezi kusukumwa kwenda droo nyingine.

Mkianza kuuza tiketi wiki kadhaa kabla kwa watu wa nje, mnaingia kwenye kundi jingine. Lazima jumuiya isajiliwe na halmashauri ya eneo lenu, ada ni pauni 40 na 20 kila mwaka. Tiketi za droo moja zisizidi pauni 20,000, angalau asilimia 20 iende kwenye lengo, bei ya tiketi iwe moja kwa wote, na aliye chini ya miaka 16 asiuziwe. Bei moja maana yake hakuna "tiketi sita kwa bei ya tano". Kosa hili ni la kila mahali.

Jambo la mwisho kwenu: fedha ya tiketi haipati Gift Aid, yaani nyongeza ya serikali ya Uingereza kwa michango ya hisani. Mchango wa hiari wa mlipakodi unapata peni 25 kwa kila pauni kama mmesajiliwa kuupokea. Kwa hiyo wekeni kisanduku cha mchango mbali na meza ya tiketi, na bahasha zake. Na kabla ya kusafirisha makasha ya vitabu vya Kiingereza kwenda Pemba, linganisheni nauli na bei ya kununua vya Kiswahili Unguja au Dar es Salaam.

Namba ya nani?

*Michango ya klabu yetu Dodoma inatumwa kwa simu ya mweka hazina. Ni mwaminifu sana lakini baadhi ya wanachama wananung'unika.*

Wananung'unika kwa haki, na hata yeye mnamwonea. Fedha zenu zimechanganyika na za mboga zake, na simu ikipotea siku tatu kabla ya shughuli, kila mtu atamtazama. Fungueni akaunti ya kikundi benki, au huduma za vikundi za simu kama M-Koba, ambako mtu hatoi fedha peke yake. Siku ya shughuli tumieni lipa namba yenye jina la klabu, ibandikwe kwa maandishi makubwa, ili anayelipa aone jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri.

Mpokeaji asiamini ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mlipaji. Ujumbe wa kughushi upo. Aangalie ulioingia kwenye simu ya klabu. Fedha taslimu zihesabiwe na wawili pale pale, kiasi kiandikwe, wote wawili wasaini, bahasha ifungwe. Ndani ya siku saba tangazeni hesabu kwenye kundi lenu: kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, pamoja na makato ya kutuma na kutoa, ambayo watu husahau kisha wanatafuta nani kala.

Na majina na namba za simu za wachangiaji msizisambaze. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Orodha ya waliotoa wekeni kwa majina ya waliokubali kutajwa tu.

Kwa kifupi

*Mshindi hakuja kuchukua zawadi. Tungoje mpaka lini? (Kisumu)*
Mpaka siku mliyoandika kwenye masharti. Hamkuandika? Mpigieni, mpeni siku 30 kwa ujumbe wa maandishi, kisha zawadi iende kwa aliyemfuata.

*Wanakamati wanaruhusiwa kushindana? (Iringa)*
Kwenye mnada ndiyo, wapandishe dau kama wengine. Kwenye chemsha bongo hapana, wala wake na waume zao.

*Tumeletewa zawadi ya seti ya ensaiklopidia ya miaka ya themanini, juzuu 20. Aliyeitoa atakuwepo. (Zanzibar)*
Mshukuruni hadharani, ipangeni mahali aione, na iwe ya mnada, si zawadi. Bei ya kuanzia 5,000, na mnunuzi ahakikishe amekuja na gari.